Usukani Ndani ya Gunia

Jumamosi, 1 Machi 2025

Nimepoteza uenyekiti leo, saa nane na dakika ishirini mchana. Naandika saa ili asije akatokea mtu wa kuibadilisha. Ni uenyekiti wa skimu yetu ya umwagiliaji, Mkondo Mdogo, hapa Msowero. Niliupokea mwaka 2016 skimu ikiwa na ekari 85, nimeuacha ikiwa na ekari 340. Kura 148 kwa 61. Iliyoharibika hakuna hata moja. Niliomba zihesabiwe upya, na mara ya pili nikahesabu mwenyewe kwa sauti. Nilipofika 61 mkono ukakosa karatasi.

Aliyenishinda ni Nkoile, mama yake Sapit, wa upande wa wafugaji. Ana ekari tatu za mpunga. Tatu.

Sielewi. Katika hizo 61, watu wa ukoo wangu na wa mashine yangu ya kukoboa ni 23. Maana yake, kati ya watu wote niliowaletea maji mpaka mlangoni, walionikumbuka ni 38.

Tukitoka ukumbini nikasikia akina mama wakiimba chini chini: "Mto haujui jina, hupita ukenda zake." Huo ni mstari wa shairi langu! Niliagiza mimi, nikagharimia mimi, nikalipandisha pale kwenye lango mimi. Waliimba wakinitazama, kisha wakanyamaza kama watu waliofumaniwa.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda kanisani. Gaudiosa alikwenda. Mke wangu amerudi bila kusema kitu, kwa hiyo nimejua yaliyosemwa.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhi. Muhuri mmoja, madaftari sita, ramani ya mifereji, funguo nne. Nkoile alinipa shikamoo kwanza mbele ya wote, nikaitikia. Akasaini kila mstari polepole, hakuuliza swali.

Usukani wa lango sikukabidhi. Ni lile gurudumu la chuma linaloinua na kushusha lango kuu pale banio, maji ya mto yanapoingia kwenye mfereji. Miaka yote tisa, nikishamaliza kulizungusha nalifungua nati, naondoka nalo. Aliyetaka maji alikuja kwangu. Sasa liko ndani ya gunia, nyuma ya mlango wa stoo. Kilo kumi na moja na nusu, nimelipima.

Kwenye orodha ya makabidhiano halikuandikwa. Wakilihitaji watakuja. Na watakuja, maana masika yako njiani na lango limeachwa nusu wazi.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Padre amenipaka majivu akaniambia mimi ni mavumbi. Sawa. Kutoka hapo nikaenda banio kulisoma shairi, maana kwa kweli sikumbuki kama nimewahi kulisoma.

Niandike ukweli ulivyo. Mwaka jana, tulipofunga lango jipya la chuma na kulihamishia usukani wetu ule ule wa zamani, mgeni rasmi alikuwa anakuja, nami nilitaka kitu kisichosahaulika kama risala. Risala husomwa, ikakunjwa, ikawekwa mfukoni. Nikamwagiza Mwalimu Scholastica, aliyenifundisha darasa la sita hapa Msowero, siku hizi amestaafu yuko Mikumi. Nikampa vipimo: beti tatu, mizani kumi na sita kwa kila mstari, vina vya kati na vya mwisho, litoshe kwenye bamba la saruji la mita moja na robo kwa sentimita themanini. Lilipokuja nikalikagua kama ninavyokagua mzigo kwenye mizani ya mashine. Nilihesabu silabi zote kwa vidole. Hakuna mstari uliopungua, hakuna uliozidi. Nikampa fundi Hussein achonge, juu kabisa jina langu: MWENYEKITI KASIANI.

Siku ya sherehe Mwalimu alilisoma mwenyewe. Mgeni rasmi alipiga makofi, nami nikapiga. Nakumbuka watu wa nyuma walichelewa kidogo kupiga. Nilidhani hawakusikia.

Hivi ndivyo yalivyo mabeti mawili ya mwanzo:

Umefunga lango leo, maji yamekuitika,
Wamekuvisha na cheo, jina limeandikika,
Mto una mapokeo, wengi wamekwishafika,
Mto haujui jina, hupita ukenda zake.

Alikuja mwenye shamba, mkonge akaupanga,
Kajenga nyumba ya mwamba, madirisha ya kuringa,
Leo paani ni komba, sebuleni ni mpunga,
Mto haujui jina, hupita ukenda zake.

La tatu linaanza: "Nawe ukae kwa zamu, ukinywa wape wengine."

Nimesimama pale nusu saa. Mistari miwili ya kwanza ni sifa, hakuna ubishi. Lakini "wengi wamekwishafika" ni akina nani? Na kwa nini mwenye shamba? Babu yangu aliletwa huku kukata mkonge wa mtu huyo, akafa na kovu la mwiba jichoni. Mimi ndiye wa kufananishwa na bwana wake?

Kina cha mto: sentimita 42.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda Mikumi kwa pikipiki. Nimepita Kilosa, nikapita kijiji cha Ulaya, tope mpaka magotini. Mwalimu anakaa nyuma ya barabara kuu, malori yanapita siku nzima, naye anapanda mchicha kana kwamba hayapiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kasiani. Umekonda, au umeshuka cheo?"

Nikamwambia vyote viwili. Akacheka, akaninawisha mikono, akanimiminia chai. Sikutaka chai.

"Mwalimu, lile shairi lilikuwa la kunisifu au la kunisema?"

"Uliagiza beti ngapi?"

"Tatu."

"Nikaleta?"

"Tatu."

"Mizani?"

"Kumi na sita."

"Zilipungua?"

"Hazikupungua."

"Basi mzigo wako ulifika kamili, bwana mkubwa. Kunywa chai, inapoa."

"Mwalimu, mimi nauliza maana."

"Leo?" akasema. "Darasa la sita hakuna aliyekushinda kuhesabu mizani. Nikikuuliza maana unatazama dirishani. Nimesubiri swali hili miaka thelathini na minne, na wewe unalileta siku moja unataka nilijibu siku hiyo hiyo."

Ni kweli ni thelathini na minne. Nimepiga hesabu njiani.

Nimerudi na fungu la mchicha na jibu sina.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. 58.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. 65. Nimemtumia Mwalimu ujumbe wa simu: "Ni mimi au si mimi?" Akajibu: "Uliyempa kioo, asikuulize sura." Nimehesabu. Nane kwa nane. Nimekasirika zaidi kwa sababu imetimia.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuna aliyekuja kuuliza usukani. Siku ya kumi na tisa.

Gaudiosa alikuwa anatafuta ungo stoo, gunia likamwangukia mguuni.

"Baba Joyce, hiki chuma bado kipo humu?"

"Kipo."

"Si cha skimu?"

"Hawajakiomba."

Akakaa juu ya gunia la pumba, akaanza kusugua kidole cha mguu. "Wewe mtu wa hesabu. Ng'ombe wa kina Ntutu walipotembea kilomita kumi na moja kwenda kunywa, baada ya wewe kuwazibia kivuko cha mfereji, walikuomba mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ukawaambiaje?"

Nilisema ng'ombe wamevunja kingo za mfereji mara saba katika msimu mmoja. Hilo ni kweli, nina tarehe zote.

"Sikuuliza ng'ombe," akasema. "Nimeuliza uliwaambiaje."

Niliwaambia waandike barua. Waliandika. Niliwaambia haina muhuri. Muhuri ulikuwa kwangu.

Sijui kwa nini nimeandika hili hapa.

Jumanne, 25 Machi

81. Hakuna aliyekuja.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda kuiona ile nyumba ya mwenye shamba. Mtu hukaa jirani na kitu miaka arobaini na sita bila kukitazama. Madirisha kumi na mawili, yote matundu. Sebule haina paa, na ndani yake, kweli, kuna jaruba. Mtu amepanda mpunga kati ya kuta nne, umestawi. Nimeuliza ni wa nani, nikaambiwa ni wa Nkoile. Ni sehemu ya zile ekari tatu.

Mawe ya ngazi ya mbele hayapo. Nayajua yaliko. Niliyabeba mwaka 2009, arobaini kwa idadi, ndiyo msingi wa mashine yangu.

Jumapili, 6 Aprili

97. Gaudiosa anasema nimeanza kuongea peke yangu. Sio kuongea, nasoma beti la pili.

Nimepata wazo kwamba labda shairi halina uhusiano na mimi hata kidogo. Labda Mwalimu alikuwa nalo kwenye daftari tangu zamani, akabadilisha neno moja mawili akaniuzia. Wazo hilo lingenituliza. Halikunituliza. Limenichoma kuliko lile la kwanza, na sielewi kwa nini.

Alhamisi, 10 Aprili

118. Bado hawajaja. Mstari mwekundu ni 150. Maji yakifika hapo lango lazima lishushwe lote, la sivyo mto wote unageukia mfereji, kingo zinakwenda, miche ya ekari 340 inafukiwa na mchanga. Nkoile anajua. Nilimwona Jumanne banio, amesimama na mwavuli, anatazama kipimo. Tulisalimiana. Mimi nikasubiri aseme, yeye akasema, "Mvua mwaka huu nzuri, Baba Joyce."

Nzuri!

Nimejipanga nitakachomwambia atakapokuja. Nitamkaribisha kiti. Nitamwacha aeleze. Nitanyamaza kidogo. Kisha nitatoa.

Jumatatu, 14 Aprili

131.

Jumatano, 16 Aprili

144. Gunia nimelihamishia karibu na mlango wa mbele, ili wasisubiri sana.

Alhamisi, 17 Aprili. Alhamisi Kuu.

Naandika mkono ukiuma, niandike kwa mpangilio.

Asubuhi saa mbili kipimo kilikuwa 152. Nikakaa barazani nimevaa shati safi. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne hakuna mtu. Mvua ikawa kama inamwagwa na beseni. Watu walipita wanakimbia kuelekea banio, wengine nawadai shukrani ya miaka, hakuna aliyegeuza shingo. Nikajiambia: wamechanganyikiwa, hawajui usukani uko wapi. Lakini wanajua! Kila mtu Msowero anajua.

Saa nne na nusu nikaona nikikaa miche itakwenda, na ekari kumi na nane humo ni zangu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nikabeba gunia begani, nikatembea kilomita moja na mita mia tatu kwenye tope. Nilianguka mara mbili. Njia nzima nilikuwa naona watu wakinipisha, wakisema, huyo anakuja, afadhali.

Nikafika. Lango limeshushwa.

Limeshushwa lote, mpaka kwenye mstari wa chini niliouchora mimi. Sapit alikuwa juu ya fremu, na kwenye nati ya lango palikuwa na spana kubwa ya bomba, ile nyekundu ya mafundi, ina mpini wa paipu iliyoongezwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya viroba vya mchanga, kuziba upande wa kushoto ambako maji yalikuwa yanachungulia. Wakulima na wafugaji wamepanga mstari mmoja, wanapeana viroba. Nkoile katikati, khanga imeloa, sauti imemkauka.

Nilisimama na gunia langu. Kilo kumi na moja na nusu, na maji juu yake.

"Mama Sapit," nikasema, "hiyo spana mmeitoa wapi?"

"Kilosa, Baba Joyce. Tulinunua Jumatatu ile ile uliyotukabidhi muhuri."

Jumatatu ile ile. Tarehe 3 Machi. Nikahesabu pale pale, sikuweza kujizuia: siku arobaini na tano. Siku arobaini na tano nimelinda chuma ambacho hakuna aliyekuwa na haja nacho.

"Kwa nini hamkuja kuniomba?"

Alipokea kiroba, akakipitisha.

"Tungekuja, ungetuambiaje?"

Niliyokuwa nimejipanga, kile kiti, kile kunyamaza kidogo, yote yalikuwepo mdomoni, nikayaona yalivyo.

Hakuna aliyecheka. Ningependelea wangecheka. Jamaa mmoja wa kifugaji, Ntutu mwenyewe, yule niliyemwambia barua yake haina muhuri, alisogea hatua moja pembeni kwenye mstari. Nafasi ya mtu mmoja. "Mzee," akasema, "weka mzigo chini, ushike huku. Hapa pamepwaya."

Nikaweka gunia chini. Nimepitisha viroba 214. Mpaka saa tisa maji yalikuwa 171, hayakuingia.

Wakati wa kuondoka nilimkabidhi Nkoile usukani. Akautoa kwenye gunia, akautazama. "Huu ni mzuri kuliko spana," akasema, "hauumizi kiganja." Akamwita Sapit, wakaufunga kwenye nati, wakakaza. Wakauacha pale pale. Hakuna aliyeondoka nao.

Nimerudi na gunia tupu. Gaudiosa amenipashia maji ya kuoga.

Ijumaa Kuu

Mikono imevimba. 166.

Pasaka, 20 Aprili

149. Nimekwenda kanisani. Nimekaa benchi la nyuma, la mbele lina watu.

Jumamosi, 3 Mei

Mto unashuka. Nimepita banio, usukani bado uko pale, siku ya kumi na sita, hakuna aliyeuiba. Nilikuwa na hakika utaibiwa ndani ya wiki.

Wameanza kujenga birika la kunyweshea ng'ombe, nje ya mfereji, maji yanakwenda kwa bomba la inchi mbili. Kingo hazitavunjwa tena. Mita thelathini za bomba, siku tano za kazi. Mimi nilitumia miaka kukataa kitu cha mita thelathini. Nilimwambia Nkoile wangeweka koki mbili badala ya moja. Akasema, "Andika, Baba Joyce, tulete kwenye kikao." Nikaandika. Haikuhitaji muhuri.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua kidogo. 70.

Jumamosi, 24 Mei

Kikao cha skimu. Nilikaa na wanachama. Ajenda ya nne: bamba la saruji.

Mmoja akasema libomolewe, ni la utawala uliopita. Kelele zikawa nyingi. Nkoile akasimama.

"Halibomolewi," akasema. "Mimi kila asubuhi nikienda kupima maji nalisoma. Wakati wa Baba Joyce lilikuwa linamsema Baba Joyce. Sasa linanisema mimi. Mkilitoa, nani ataniambia?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Basi likabaki swali la jina. Wengi walitaka jina langu likatwe, shairi libaki tupu, liwe la wote. Nkoile akasema hapana, jina la mtu halikatwi na kikao kama tawi la mti. Aamue mwenyewe. Fundi Hussein atakuja Jumamosi ijayo, tarehe 31, saa sita mchana, na patasi yake. Nikisema likatwe, atakata. Nikisema libaki, litabaki, na halitajadiliwa tena.

Walinigeukia wote. Watu 187 waliokuwepo. Nikasema nitajibu siku hiyo.

Siwezi kujibu. Likibaki, kila anayepita atasoma jina langu, kisha atasoma beti chini yake, na atajua huyo ndiye. Likikatwa, miaka tisa na ekari 255 nilizoongeza hazitakuwa na mwenyewe. Nimechora mstari katikati ya karatasi, faida huku, hasara huku. Pande zote mbili zimetoka sawa. Haijanitokea tangu nianze biashara.

Jumatano, 28 Mei

Anga jeupe. 47. Mpunga wa kwanza umeanza kuinama.

Alhamisi, 29 Mei

Nimemwandikia Mwalimu barua. Ameichukua kijana wa bodaboda anayekwenda Mikumi leo, atasubiri jibu kwake, kesho kutwa asubuhi arudi nalo. Nakala naiweka hapa.

"Mwalimu, shikamoo.

Nimeelewa beti la pili. Nimeelewa na la tatu, nilielewa nikiwa nimeshika kiroba. Sikuulizi tena maana, usihangaike.

Nakuuliza kitu kimoja ambacho kinajulikana na wewe tu. Siku ulipokaa kuandika, ulinifikiria mimi? Mimi Kasiani, yule wa dirishani. Au ulikuwa unaandika juu ya watu wote, na mimi nikatokea tu kuwa mnunuzi?

Kama ulinifikiria, jina langu litabaki pale juu. Wapitao wajue kwamba yupo mtu mmoja aliyeambiwa mapema, kwa jina lake, kwa vina na mizani, akahesabu silabi. Hiyo ni aibu, lakini ni yangu, na kuna mtu aliyejisumbua kunionya. Kama hukunifikiria, Hussein alikate, kwa sababu litakuwa pale kwa uongo.

Usinitumie beti. Usiniulize swali. Usiniambie ninywe chai. Fundi anapandisha ngazi Jumamosi tarehe 31, saa sita kamili mchana, nami nitakuwa nimesimama chini yake na karatasi yako mkononi.

Andika neno moja. Ndiyo, au hapana."